Wapiga debe wa sarafu mchezoni: ripoti inafanya kazi gani, na kikundi kijilindeje

SWALI: Mimi ni kiongozi wa kikundi cha wachezaji kama 40 wa Old School RuneScape, mchezo wa mtandaoni. Wengi wetu tuko Morogoro na Dar es Salaam, na tunacheza kwa simu. Kila tukifika Grand Exchange, soko kuu la mchezoni, tunakuta akaunti zinazotangaza kuuza sarafu za mchezo kwa fedha halisi, na nyingine zinatufuata kwa ujumbe wa faragha. Tunaripoti, lakini kesho yake zipo palepale kwa majina mapya. Mwezi uliopita kijana wetu mmoja alinunua sarafu kupitia mtu wa kati aliyelipwa kwa M-Pesa. Alizipata, na siku 3 baadaye akaunti yake ikafungiwa. Naomba kujua kuripoti kuna faida gani, kwa nini kampuni inashindwa kuwamaliza watu hawa, na mimi nifanye nini ili wenzangu wasiendelee kuumia.

JIBU: Ndugu yangu, barua yako nimeisoma mara mbili, kwa sababu kwa miaka kadhaa nilikaa upande wa pili wa hicho kitufe mnachokibonyeza. Nilikuwa katika timu ya huduma kwa wachezaji ya mchezo mmoja wa mtandaoni, na kazi yangu ya kila siku ilikuwa kusoma ripoti kama zenu na kufuatilia sarafu zilikotoka na zilikokwenda. Maswali yako matatu yana mzizi mmoja, kwa hiyo niruhusu nikujibu kwa urefu kidogo.

Kuripoti jina leo na kukuta jina jipya kesho kunamfanya mtu ajione anatwanga maji kwenye kinu. Mtu huona hivyo pale anapoichukulia akaunti inayopiga kelele kuwa ndiyo duka lenyewe, ilhali akaunti ile ni mpiga debe tu. Mpiga debe wa kituo cha daladala hana gari wala leseni ya njia. Ukimwondoa asubuhi, mchana utamkuta mwingine akiita abiria wa gari lilelile. Hapo Grand Exchange mambo ni hayohayo. Akaunti ya matangazo hufunguliwa bure, haina kitu mfukoni, haijawahi kukata hata mti mmoja, na aliyeifungua anajua tangu mwanzo kwamba itaishi saa chache. Nyuma yake ziko akaunti za uzalishaji, ambazo huendeshwa na programu, yaani roboti, na huchimba madini, huvua samaki au huua majoka usiku na mchana. Ziko akaunti za ghala, ambazo hukusanya mavuno ya zile za uzalishaji. Iko akaunti ya kupeleka mzigo, ambayo ndiyo iliyokutana na kijana wenu. Na mwisho wa mnyororo yuko mtu mwenye tovuti na namba ya kupokelea fedha. Unapomripoti mpiga debe, kitu cha thamani unachokifikisha kwa kampuni ni maneno yake: jina la tovuti anayoitangaza, saa aliyoitangaza, na seva aliyokuwapo. Kule kwetu ripoti 20 za majina 20 tofauti, zote zikitaja tovuti moja, zilikuwa zinatupa mwanzo wa uzi. Jina la akaunti lenyewe lilikuwa halitufai sana.

Ripoti ya akaunti ya uzalishaji ina uzito mwingine kabisa, na hapa naomba tufanye hesabu ya mfano. Tuseme kuitayarisha akaunti moja ya namna hiyo, pamoja na uanachama wa kulipia na muda wa kuipandisha ngazi, kunamgharimu mwenye shamba la roboti shilingi 15,000, na tuseme kwamba ikishaanza kazi inamzalishia sarafu za thamani ya shilingi 500 kwa saa. Atarudisha gharama yake baada ya saa 30. Akaunti ikifungiwa ikiwa na saa 20 za kazi, amekula hasara. Ikifika saa 300, imemwingizia shilingi 150,000, yaani mara 10 ya alichotoa. Biashara yote imeegemea hapo, kwenye umri wa akaunti. Ili kumfilisi mtu huyu kampuni haihitaji kukamata kila roboti yake. Inatosha umri wa wastani wa akaunti zake ushuke chini ya zile saa 30. Kwa hiyo unapoona akaunti yenye jina la herufi zisizosomeka, iliyovaa nguo za kuanzia mchezo, inayorudi kwenye mti uleule kwa njia ileile bila kukosea hata hatua moja, na ukatumia sekunde 10 kuiripoti, unaweza kuwa umeipunguzia saa kadhaa za kuishi. Ripoti moja haimfungii mtu, na haipaswi kumfungia, kwani kikundi chenye ugomvi na ninyi kingeweza kuwafungia wote kwa jioni moja. Lakini akaunti iliyoripotiwa kwa kosa moja na watu 6 wasiofahamiana, ndani ya siku 2, hupanda juu kwenye foleni ya kukaguliwa. Naomba tu mchague kosa sahihi katika orodha. Anayetangaza tovuti aripotiwe kwa kutangaza au kwa biashara ya fedha halisi. Anayekata miti kwa programu aripotiwe kwa kutumia roboti. Ripoti iliyowekwa kwenye fungu lisilo lake hupotea njiani kama barua yenye anwani mbovu.

Sasa kwa nini hawawamalizi. Kampuni ya Jagex ya Cambridge, Uingereza, iliwahi kujaribu kung'oa mzizi kabisa, na yaliyotokea yanafaa kujulikana na kila kiongozi wa kikundi. Old School RuneScape mnayoicheza ilifunguliwa Februari 2013 kutoka kwenye nakala ya mchezo mama, RuneScape, ya Agosti 2007, yaani miezi michache tu kabla ya jaribio hilo. Wakati ule wauza sarafu walikuwa wanalipia uanachama wa akaunti zao kwa kadi za benki zilizoibwa. Mwenye kadi akigundua, benki humrudishia fedha yake na kumkata aliyeuza huduma, na muuzaji mwenye malalamiko mengi ya namna hiyo anaweza kunyimwa kabisa haki ya kupokea malipo ya kadi. Kwa kampuni inayoishi kwa michango ya kila mwezi, hicho ni kifo. Kwa hiyo Desemba 2007 Jagex iliondoa mapigano ya wazi ya Wilderness, eneo ambalo wachezaji hupigana wao kwa wao, yaliyokuwa yakitumika kupitishia mali, na Januari 2008 ikaweka ukomo: tofauti ya thamani kati ya alichotoa mchezaji mmoja na alichotoa mwenzake katika biashara isizidi sarafu 3,000 hivi. Mnyororo wa wauzaji ulikatika, kwa sababu hapakuwa tena na njia ya kumkabidhi mnunuzi mzigo.

Lakini ulikatika pamoja na mengine mengi. Kaka hakuweza tena kumpa mdogo wake upanga wa kuanzia. Rafiki hakuweza kumkopesha rafiki. Wachezaji wengi waliondoka kwa uchungu, na waliobaki hawakuacha kudai. Miaka 3 baadaye kampuni iliitisha kura, zikapigwa zaidi ya milioni 1.2, asilimia 91 zikataka biashara huria irudi, nayo ikarudishwa tarehe 1 Februari 2011. Roboti nazo zikarudi kwa wingi mpaka Oktoba 2011, pale kampuni ilipofungia akaunti zaidi ya milioni 1.5 kwa pigo moja. Uwanja ulikuwa mweupe kwa muda, kisha waandishi wa programu za roboti wakasoma kilichowanasa, wakarekebisha, wakarudi. Ninayasimulia haya ili uone kwamba kitu kinachowapitisha wauzaji ndicho hichohicho kinachoufanya mchezo uwe na ujirani: uhuru wa kumpa mwenzako kitu. Kampuni inaweza kuuziba mlango huo leo jioni, na ninyi ndio mtakaolia kwanza.

Zipo sababu mbili zaidi, nazo nitazipitia haraka. Ya kwanza ni kwamba kampuni nyingi hufungia kwa mikupuo. Ukiifungia roboti dakika ileile ulipoigundua, mwandishi wa programu anajua mara moja ni tabia ipi iliyomfichua. Ukingoja, ukakusanya akaunti elfu moja zenye tabia 10 tofauti, kisha ukazifungia usiku mmoja, atabaki anabahatisha. Ndiyo maana roboti uliyoiripoti Jumatatu unaweza kuiona mpaka Ijumaa, na hali hiyo haina maana kwamba ripoti yako imetupwa. Ya pili ni kwamba yupo binadamu wa kweli anayekata miti saa 8 mfululizo huku anasikiliza redio, na kumfungia huyo kwa makosa ni dhuluma inayouma. Nimewahi kusoma barua za watu wa aina hiyo, na tangu hapo sijamlaumu tena mkaguzi anayechukua muda wake.

Kelele yenyewe hupambanwa nayo kwa njia nyingine, maana maandishi ni rahisi kunasa kuliko mwenendo. Ukilitazama tangazo la muuzaji kwa karibu utaona limeandikwa kwa kukwepa mtego. Herufi o imekuwa sifuri, herufi l imekuwa tarakimu 1, na zile w tatu za mwanzo wa anwani zimeandikwa kwa v sita zilizobanana. Katika michezo inayoruhusu hati za lugha nyingi, herufi a ya kawaida hubadilishwa kwa a ya Kirusi, ambayo kwa macho ni ileile lakini kwa kompyuta ni herufi nyingine kabisa, kwa hiyo kichujio kinachotafuta neno fulani hakilioni. Kila kichujio kikizibwa tundu moja, wao hutoboa jingine. Katika mchezo mwingine, World of Warcraft, walifika mahali pa kufungua akaunti mpya nyingi kwa wakati mmoja, wakawaangusha wahusika vibete kutoka juu mpaka wakafa, na maiti zao zikalala chini katikati ya mji zikiwa zimepangwa kama herufi, zikisomeka jina la tovuti. Hapakuwa na neno la kuchuja, kwa sababu hapakuwa na neno lililoandikwa. Kampuni ya Blizzard, wenye mchezo huo, ilikwenda mpaka mahakamani nchini Marekani mwaka 2007 kuishtaki Peons4Hire, moja ya biashara zilizowajazia wachezaji ujumbe taka, na kesi ikaishia kwa amri ya kuizuia isiendelee. Tovuti hiyo ilinyamaza. Nyingine zikashika nafasi yake, kwa sababu wanunuzi walikuwa bado wapo.

Wanunuzi ndio kiini cha jibu langu, na ndipo wewe mwenye kikundi cha watu 40 unapokuwa na nguvu kuliko unavyodhani. Mpiga debe analipwa kwa abiria wanaopanda. Katika kundi lenu alimpata mmoja, na mmoja anatosha kulipia kelele za wiki nzima.

Nitakueleza kijana wenu alinaswaje, kwa sababu wengi wanaamini kwamba sarafu hazina alama. Kila biashara katika mchezo huandikwa: nani alitoa nini, nani alipokea nini, saa ngapi. Dirisha la biashara la siku ile linaonyesha upande mmoja sarafu milioni 20 na upande wa pili halina kitu, au lina unyoya mmoja wa kuku uliowekwa kwa ajili ya kuzuga. Hakuna mtu anayenunua unyoya kwa milioni 20. Mkaguzi akishaifikia akaunti ya ghala, anaifuata kila sarafu iliyotoka humo, moja baada ya nyingine, na wanunuzi wote wanaonekana wamejipanga. Ndiyo sababu adhabu ilikuja siku ya 3: walikuwa hawamtafuti yeye, walikuwa wanafuata ghala, naye akakutwa mwishoni mwa njia. Mnunuzi anaweza kunyang'anywa sarafu, kufungiwa kwa muda, au kufungiwa moja kwa moja.

Tena kuna jambo zito kuliko adhabu. Sarafu za bei rahisi lazima zitoke mahali, na si zote zinatoka kwenye miti na majoka. Nyingi hutoka kwenye akaunti za wachezaji wengine zilizodukuliwa. Nikiwa kazini niliwahi kupokea malalamiko ya asubuhi kutoka kwa mchezaji aliyeamka na kukuta kila alichokusanya kwa miaka 4 kimechukuliwa. Nilizifuata sarafu zake. Zilipita mikono minne usiku uleule, na mkono wa mwisho ulikuwa wa mchezaji wa kikundi chake mwenyewe, mtu waliyekuwa wakicheza pamoja kila jioni, aliyekuwa amenunua kwa bei nzuri na kwenda kulala ameridhika. Hakujua. Aliyeibiwa naye hakujua, na mimi kanuni za kazi hazikuniruhusu kumwambia. Tangu siku ile kila ninapoona bei ya chini ya sarafu hujiuliza ni nani aliyeamka mikono mitupu.

Nyingine husafisha fedha za wizi wa nje. Valve, wenye mchezo wa Counter-Strike, walisitisha Oktoba 2019 uuzaji wa mkono kwa mkono wa funguo mpya za kufungulia makasha ya zawadi mchezoni, wakieleza kwamba karibu funguo zote zilizokuwa zikiuzwa kati ya wachezaji wakati huo waliamini zimetokana na ulaghai, kwa maana ya kutakatisha fedha. Mnunuzi wa Morogoro anayetuma shilingi 10,000 kwa M-Pesa anaweza kuwa ndiye anayekamilisha safari ya kadi iliyoibwa katika nchi nyingine, na wakati huohuo mtu wa kati amebaki na jina lake, namba yake ya simu na jina la akaunti yake. Mtu mwenye vitu vitatu hivyo hahitaji ufundi mkubwa kumwandikia siku nyingine kwamba akaunti yake ina tatizo na anatakiwa aingie kupitia kiungo fulani. Huo ni ndugu wa karibu wa ule ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii" tunaoufahamu wote.

Kwa mwenye haja ya kweli ya sarafu, njia halali ipo, na ninashauri uieleze waziwazi kikundini badala ya kuiacha ikanong'onwa. Tangu Septemba 2013 katika mchezo mama, na tangu Machi 2015 katika Old School, kuna bidhaa inayoitwa Bond. Unainunua kwa fedha halisi kutoka kwa kampuni, kisha unaweza kuiuza kwa sarafu hapo Grand Exchange, na aliyeinunua kwa sarafu anaitumia kulipia siku 14 za uanachama. Mwenye fedha na asiye na muda anapata sarafu. Mwenye muda na asiye na fedha anapata uanachama. Na kadi ya mtu haijaibwa. Wazo lenyewe lilitangulia katika mchezo wa EVE Online wa kampuni ya CCP ya Iceland, iliyoanzisha PLEX, bidhaa ya namna hiyohiyo, mwaka 2008, na mwaka uliofuata ikazifungia akaunti zaidi ya 6,000 za wauza sarafu katika msako ulioitwa Unholy Rage. Zilikuwa sehemu ndogo tu ya akaunti zote, lakini mzigo wa seva ulipungua kwa karibu asilimia 30, jambo linalokuonyesha roboti zinavyokula nafasi ya watu. World of Warcraft nayo ilifuata kwa Token yake mwaka 2015. Najua Bond ni ghali kuliko bei ya mpiga debe, na kwa kijana anayetegemea fedha ya vocha tofauti hiyo inaonekana. Sitaki kuidharau. Lakini ile bei ya chini ni chini kwa sababu sehemu yake imelipwa na mtu mwingine bila ridhaa.

Sasa mambo ya kufanya. Anza na utulivu wa masikio, kwa sababu mtu asiyesikia kelele hashawishiki. Kwenye simu, bonyeza na ushikilie kitufe cha gumzo la wazi chini ya kisanduku cha mazungumzo, kisha uchague kuona maneno ya marafiki pekee kila mnapoingia Grand Exchange. Mkitoka mnaweza kurudisha. Gumzo la faragha nalo liwekwe kwa marafiki pekee, na hilo liwe la kudumu. Msitegemee orodha ya kupuuza jina mojamoja, kwa sababu ina ukomo na majina mapya hayana. Wanaocheza kwa kompyuta kupitia RuneLite, programu ya kuuchezea mchezo huu, wanaweza kuwasha kichujio cha gumzo na kuingiza maneno wanayotaka yafichwe, ila RuneLite ipakuliwe kwenye tovuti yake rasmi tu, maana kuna nakala bandia zilizotengenezwa kwa ajili ya kuiba nywila. Kama mna chumba cha mazungumzo kwenye programu ya Discord, weka sharti la mgeni kukaa dakika 10 kabla ya kuandika, na uwaombe wanachama wazime ujumbe wa moja kwa moja kutoka kwa wasiowafahamu. Roboti nyingi hujiunga, huwaandikia watu wote katika orodha, na huondoka kabla hujafungua simu.

Msijibu matangazo, hata kwa matusi. Akaunti inayojibiwa inaandikwa kuwa ni hai, na mtu aliyekasirika ni mtu anayesoma. Ripoti, puuza, endelea na safari. Hapa Tanzania tumekwisha kuzoea utaratibu huo kwa ujumbe wa kitapeli wa simu, ambapo tunaipeleka namba ya tapeli kwenye 15040 na kuendelea na shughuli zetu.

Kisha kila mwanachama aweke PIN ya benki ya mchezo yenye tarakimu 4, awashe uthibitisho wa hatua mbili, na barua pepe ya akaunti iwe na nywila yake yenyewe isiyotumika mahali pengine. Nasisitiza barua pepe kwa sababu kwa uzoefu wangu huko ndiko mwizi alikopitia mara nyingi. Mlango wa mbele ulikuwa na kufuli mbili, dirisha likawa wazi. Wafundishe pia kumtambua mfanyakazi wa kampuni: katika gumzo ana taji la dhahabu kando ya jina lake, taji ambalo mchezaji hawezi kujiwekea, na hata mwenye taji hatakuuliza nywila. Na wafundishe kuhusu yule anayesimama Grand Exchange akiahidi kukurudishia mara mbili ya sarafu utakazompa. Atakurudishia kweli mara ya kwanza, ukiwa umempa 10,000. Mara ya tatu, ukiwa umempa zote, anatoweka. Wazazi wenu wanaoukumbuka upatu wa DECI wa mwaka 2009 na wale waliokwenda "kupanda mbegu" wanaweza kuwaeleza somo hilo vizuri kuliko mimi.

Kuhusu kanuni ya kikundi, ningependekeza iwe fupi na ijulikane: anayenunua sarafu kwa fedha halisi anajitoa mwenyewe kikundini kwa muda mtakaokubaliana. Lakini aliyekwisha kununua na akaja kusema kwa hiari yake apokelewe na asiaibishwe mbele ya wenzake. Nimeona vikundi vilivyowazomea wanunuzi, na matokeo yake yalikuwa kwamba waliofuata walinyamaza, na wakati wa kudukuliwa hawakuwa na wa kumwambia. Waulize kilichowasukuma. Mara nyingi ni kijana aliyeona wenzake wamemwacha nyuma na kuona haya kuomba. Mfuko mdogo wa kikundi wa kukopesha vifaa unaweza kuwaepusha na mpiga debe kuliko mahubiri kumi.

Jambo moja zaidi ambalo hukuliuliza, lakini nahisi litakuja. Wako watu wanaozalisha sarafu kwa mikono yao wenyewe, bila roboti, kwa sababu ya shida. Mtafiti Richard Heeks wa Chuo Kikuu cha Manchester alikadiria mwaka 2008 kwamba watu kama 400,000 walikuwa wakiishi kwa kazi hiyo, wengi wao nchini China. Na uchumi wa Venezuela ulipoporomoka, Wavenezuela wengi waliingia katika mchezo huuhuu wenu kuua majoka ya kijani ili wanunue chakula. Wapo wachezaji walioandika miongozo ya kuwawinda kwa utaifa wao, na naomba kikundi chako kisijiunge na hilo. Kuuza sarafu kunavunja kanuni, na anayeuza aripotiwe. Lakini mtu huripotiwa kwa alichokifanya, na mtu asiyejua Kiingereza akiwa anaua joka hajafanya kosa lolote. Vijana wenu pia wanaweza kushawishika kuifanya kazi hiyo. Waeleze kwamba atakayepoteza akaunti ni mzalishaji, na mwenye tovuti atabaki na faida.

Kijana wenu aliyefungiwa ana nafasi moja ya maana, ambayo ni kukata rufaa, kama kampuni inairuhusu kwa kosa lake, kupitia ukurasa rasmi wa kampuni, kwa kuingia katika akaunti yake mwenyewe. Aandike ukweli: alinunua, tarehe fulani, kiasi fulani, kupitia mtu wa kati, na ataje jina la akaunti iliyomkabidhi mzigo. Asidai kwamba alidukuliwa, kwa sababu rekodi ya biashara iko mbele ya anayesoma, na uongo ndio unaofunga jalada. Rufaa inaweza kukataliwa, na ikikataliwa akubali. Wakati akisubiri ataandikiwa na watu wanaojitambulisha kuwa wana ndugu ndani ya kampuni na wanaweza kumfungulia kwa malipo kidogo, wengine kwa Kiswahili safi kabisa na kwa jina la M-Pesa linalofanana na la ofisi. Hao ni walewale wa Grand Exchange, wamebadilisha kituo. Asiwatumie hata senti moja, na namba yao ailete kwako ili wenzake 39 waijue kabla hawajapigiwa.